Maji ya Ganga yana nini?

Swali kutoka kwa msomaji wa Mombasa:

"Assalaam aleikum, mwalimu. Jirani yetu Mhindi alirudi kutoka India mwezi uliopita na chupa ndogo ya maji ya Mto Ganga, mdomo umezibwa kabisa. Ameiweka kwenye kijumba chao cha ibada, na mkewe akaniambia maji hayo hayaozi hata yakae miaka. Mwanangu akafungua simu akanionyesha picha za mto wenyewe: povu, takataka, maiti zinachomwa ukingoni. Nimebaki na maswali. Mto huu unatoka wapi na unaishia wapi? Na vipi watu wenye akili zao, wengine madaktari, wauone mtakatifu mto ambao hata wao wanajua ni mchafu? Sitaki kumuuliza jirani nikamkwaza."

Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na hilo la mwisho: muulize, hatakwazika. Nilisoma jiografia India miaka ya ujanani, na sijapata kukutana na Mhindu aliyechukia kuulizwa habari za Ganga. Shida ni kumnyamazisha akishaanza. (Nasema Mhindu, mtu wa dini, si Mhindi, mtu wa nchi. Mhindi anaweza kuwa Mwislamu, Mkristo au Kalasinga, na chupa hiyo isimhusu.)

Jawabu langu kwa ufupi ni kwamba Ganga ziko mbili. Iko Ganga ya maji, ambayo wahandisi huipima kwa kina na kasi. Na iko Ganga ya imani, mungu wa kike, Ganga Ma, yaani Mama Ganga. Sehemu kubwa ya safari hizi mbili huongozana. Lakini zipo sehemu zinapoachana, maji mengi yakapita huku na utakatifu ukapita kule, na mwumini haoni tatizo lolote. Nitakupitisha humo, kwa sababu hapo ndipo swali lako la uchafu linapopata jibu.

Mto unaanzia milima ya Himalaya, jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India karibu na Tibet. Kuna barafuto liitwalo Gangotri, bonde zima limejaa barafu kwa urefu wa kilomita 30 hivi, na mwishoni mwake, kwenye kimo cha karibu mita 4,000, maji yanatoka kwenye pango la barafu. Pango hilo wanaliita Gaumukh, mdomo wa ng'ombe. Kulifika ni kutembea kilomita 18 hivi kutoka mji mdogo wa Gangotri, ambako kuna hekalu la Mama Ganga. Baridi ikikaza hekalu hufungwa, na sanamu ya mungu huyo hubebwa kwa maandamano hadi kijiji cha Mukhba chini yake, hukaa huko mpaka majira ya kuchipua, kisha hurudishwa. Hata mungu ana nyumba ya baridi.

Lakini kijito kinachotoka Gaumukh hakiitwi Ganga bado. Kinaitwa Bhagirathi. Kinashuka kwa makelele mpaka mji wa Devprayag, na hapo kinakutana na mto mwingine, Alaknanda, uliotoka barafu za upande wa Badrinath. Kuanzia makutano hayo ndipo jina Ganga linapoanza. Ukisimama kwenye ngazi za Devprayag unaiona mito yote miwili kabla haijachanganyika: Bhagirathi inakuja kwa fujo na povu, Alaknanda inakuja kimya. Wenyeji hutania kwamba huyu ni mama mkwe na yule ni mkazamwana. Sasa, mtu wa ramani atakwambia Alaknanda ndio mrefu zaidi na wenye maji mengi zaidi, kwa hiyo chanzo halisi cha Ganga ni Alaknanda. Mwumini atakusikiliza kwa adabu, kisha atapanda kwenda Gaumukh, upande wa mama mkwe.

Kwa nini? Kwa sababu ya kisa cha Bhagiratha, na ni lazima nikusimulie.

Palikuwa na mfalme Sagara aliyekuwa na wana 60,000. Siku moja farasi wake wa kafara aliibwa na mungu Indra, akaenda kufichwa karibu na mcha Mungu mmoja aitwaye Kapila, aliyekuwa amefumba macho katika ibada. Wana wa mfalme wakachimba dunia nzima wakimtafuta, wakamkuta, wakamtukana Kapila kuwa ndiye mwizi. Kapila akafumbua macho. Wote 60,000 wakawa jivu papo hapo. Roho zao zikakosa pa kwenda, kwa maana mazishi yao hayakupata maji ya kuwatakasa, na maji yenyewe yalikuwa mbinguni: Ganga. Vizazi vikapita. Kitukuu wa ukoo huo, Bhagiratha, akaacha kiti cha ufalme akaenda mlimani kufunga na kuomba miaka na miaka, mpaka Ganga akakubaliwa kushuka. Ila kishindo chake kingeipasua ardhi. Ndipo mungu Shiva akajitolea kuyapokea maji kwa kichwa chake, yakapotelea kwenye nywele zake za msokoto, akayaachia kidogo kidogo. Bhagiratha akatangulia mbele na gari lake la farasi, Ganga akamfuata nyuma, kutoka mlimani, kwenye tambarare, hadi baharini kwenye lile jivu. Wakaokoka.

Basi kijito cha Bhagirathi kimebeba jina lake. Huwezi kumwambia mtu kwamba kwa kuwa mto wa pili una maji zaidi, kisa kihamishwe.

Wako wanaopenda kusema nywele za Shiva ni mfano wa misitu ya Himalaya inayozuia mvua isishuke kwa kishindo. Mimi sipendi kuharakisha kugeuza kila hadithi kuwa somo la sayansi. Lakini jambo moja siwezi kuliacha: kisa chenyewe ni ramani. Kinaanza kwenye barafu, kinashuka, kinakunja, kinaishia kisiwani kwenye lango la bahari, na kila kituo kina jina mpaka leo.

Tuendelee kushuka. Baada ya kilomita 250 hivi za magenge na mabonde, mto unafika Haridwar, mji ambao Himalaya inaishia na nchi tambarare inaanza. Umeshuka kutoka mita 4,000 hadi karibu mita 300. Kuanzia hapa umebakiwa na zaidi ya kilomita 2,000 na kimo hicho kidogo tu cha kutelemkia. Urefu wote ni kilomita 2,525 hivi. Ndiyo maana mto huu wa vurugu huko juu, huku chini unatambaa, unajikunja, unahama kitanda chake, unaacha matope. Hayo matope ndiyo utajiri. Bonde lote la Ganga linalisha zaidi ya watu milioni 400.

Haridwar ni sehemu ya pili zinapoachana zile Ganga mbili, na hii ndiyo niipendayo. Mahali patakatifu kuliko pote mjini ni ngazi za Har Ki Pauri. Jioni utawakuta maelfu wamekaa, makuhani wanazungusha taa za shaba zenye ndimi nyingi za moto, kengele zinalia, na watu wanateremsha majini vibakuli vya majani vyenye maua na kitaa kimoja cha mafuta. Kibakuli kikigusa maji hakikai, kinachukuliwa mbio utadhani kimevutwa na kamba. Mara ya kwanza nilishangaa kasi ile, maana nilijua hapa mto umeshafika tambarare. Siri ni kwamba mkondo ule si mto wenyewe. Ni maji yaliyochepushwa. Waingereza walichimba mfereji mkubwa wa umwagiliaji uliofunguliwa mwaka 1854, kazi ya mhandisi Proby Cautley, na mkondo unaopita kwenye ngazi hizo umeunganishwa na mfumo wa mfereji huo. Ganga yenyewe kwa mujibu wa ramani inapita upande mwingine, kwenye changarawe, kiangazi ikiwa na maji kidogo.

Makuhani waliliona hilo mapema wakagoma, wakisema Mama hawezi kufungiwa kwa malango ya chuma. Mwaka 1916 kiongozi Madan Mohan Malaviya aliongoza majadiliano mpaka serikali ya kikoloni ikakubali maji yaendelee kutiririka kwenye ngazi bila kuzuiwa. Tena mwaka 2016, serikali ya jimbo ikatangaza rasmi kwamba mkondo wa Har Ki Pauri ni mfereji wa kutolea maji, kwa sababu za kisheria kuhusu majengo yaliyo ukingoni. Makuhani wakawaka. Mwaka 2020 tangazo likafutwa, ukarudi kuwa Ganga. Hebu fikiria, dada yangu, serikali kutangaza mto si mto, kisha kutangaza ni mto, na muda wote huo watu wanaoga palepale.

Kutoka Haridwar mpaka Prayagraj sina mengi ya kukueleza. Ni mashamba ya miwa, ngano na mpunga, ni mji wa Kanpur wenye viwanda vya ngozi vilivyoutesa mto kwa miongo mingi, ni joto. Niseme tu juu ya mvua, maana hii inakuhusu wewe wa pwani. Watu hudhani Ganga ni maji ya barafu. Huko juu ni kweli, lakini huku chini sehemu kubwa ya maji ya mwaka ni ya mvua za Juni hadi Septemba. Na mvua hizo zinaletwa na upepo unaoujua kwa jina: kusi. Kusi inayovuma Mombasa katikati ya mwaka huvuka ikweta, hupinda kuelekea kulia, hupita Bahari ya Arabu na kuingia India ikiwa imejaa unyevu. Tawi moja huingia kupitia Ghuba ya Bengali na kupanda bonde la Ganga mpaka ligonge Himalaya. Mababu waliokwenda Bara Hindi kwa majahazi walikuwa wanaendeshwa na upepo uleule unaojaza Ganga.

Sasa Prayagraj, mji uliokuwa ukiitwa Allahabad mpaka 2018. Hapa Ganga inakutana na Yamuna, mto unaopita Delhi na Agra. Nilikodi mashua ya makasia asubuhi moja ya Januari. Ganga ilikuwa nyeupe ya udongo, kama chai ya maziwa iliyopoa, na haina kina. Yamuna ilikuwa ya kijani iliyoiva, yenye kina na utulivu. Mistari miwili ya rangi ikakutana na kwenda sambamba. Mpiga makasia akaegesha palepale mstarini, akatumbukiza mkono wa kulia, akatumbukiza wa kushoto, akacheka, akasema wa tatu huwezi kuuona. Alimaanisha Saraswati, mto wa tatu ambao waumini husema unapita chini kwa chini na kutokea hapo. Ndiyo maana mahali hapo panaitwa Triveni, misuko mitatu, kama nywele zilivyosukwa. Vitabu vya kale vya Veda, vyenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, vinamsifu Saraswati kuliko Ganga. Ganga katika Rigveda ametajwa mara chache tu. Hadhi yake ilipanda baadaye, watu walipohamia mashariki kwenye bonde hili. Kwa hiyo hata mto ulio mungu una historia ya kupanda cheo.

Hapa ndipo pia inapofanyika Kumbh Mela. Kisa chake ni kwamba miungu na mahasimu wao waligombania mtungi wa maji ya uzima, matone manne yakadondoka duniani: Prayagraj, Haridwar, Ujjain na Nashik. Sikukuu inazunguka miji hiyo kufuatana na nyota, hasa sayari ya Mshtarii, ambayo huchukua karibu miaka 12 kulizunguka jua. Ya Prayagraj ya mwaka 2025, Januari 13 hadi Februari 26, ilihesabiwa na serikali kuwa na zaidi ya watu milioni 660, ingawa hesabu ya namna hiyo haiwezi kumtofautisha aliyeoga mara moja na aliyeoga mara tano. Alfajiri ya Januari 29 watu walikanyagana njiani kuelekea makutano; taarifa rasmi ilitaja vifo 30.

Zile picha za maiti alizoziona mwanao ni za Varanasi, ambao wenyewe wanauita Kashi au Banaras. Mto kwa jumla unaelekea mashariki, lakini hapa unajikunja na kupanda kaskazini, kama unaorudi nyumbani Himalaya. Mji umekaa ukingo wa magharibi tu, juu ya tuta, na ngazi za mawe zaidi ya 80 zinateremka majini zikitazama jua linapochomoza. Ng'ambo ya pili ni mchanga mtupu.

Mahali patakatifu pa kuhiji kwa Kisanskriti huitwa tirtha, na maana ya asili ya neno hilo ni kivuko. Wewe wa Mombasa sina haja ya kukuelezea kivuko, Likoni ipo. Kashi ni kivuko kikubwa kuliko vyote: Wahindu wanaamini roho huzaliwa na kufa tena na tena, na anayefia Kashi anavuka moja kwa moja, harudi kwenye mzunguko. Kwa sababu hiyo kuna wazee wanaohamia mjini humo kungojea kufa, na hawana huzuni unayoitarajia.

Kwenye ngazi za Manikarnika moto hauzimwi usiku wala mchana. Wanaoutunza ni watu wa jamii ya Dom, ambao kwa mila za tabaka walidharauliwa karne nyingi, na bado hakuna Brahmani, mtu wa tabaka la juu la makuhani, anayeweza kuchomwa pale bila moto kuchukuliwa kwao. Maiti huletwa kwenye machela ya mianzi, imefunikwa kitambaa cha kung'aa, ikachovywa kwanza mtoni. Mwana mkubwa amenyolewa kichwa, amevaa shuka nyeupe, anauzunguka mrundo wa kuni kisha anautia moto. Saa chache baadaye anachukua chungu cha maji ya Ganga, anakitupa nyuma kwa juu ya bega, kinapasuka kwenye makaa, naye anaondoka bila kugeuza shingo. Nilikuwa nimesimama mbali nyuma ya rundo la kuni zilizopimwa kwenye mizani. Sikupiga picha, na namwomba mwanao naye, akifika siku moja, asipige. Wafiwa ni wafiwa.

Si kila mtu aliikubali imani hiyo. Kabir, mshairi mfumaji wa karne ya 15 aliyekulia Kashi, anayependwa na Wahindu na Waislamu pia, kwa mujibu wa masimulizi alipokaribia kufa aliondoka mjini akaenda Maghar, mahali palipoaminiwa kuwa ukifia hapo huna bahati. Alitaka kuonyesha kwamba wokovu hautegemei mahali.

Sasa uchafu. Hapa, dada yangu, unayo tayari elimu ya kulielewa jambo hili kuliko Wazungu wengi walioliandikia vitabu. Umefundishwa chuoni tofauti ya usafi na tohara. Nguo yenye tope la njiani ni chafu, lakini unaweza kuswalia. Nguo nyeupe pepe iliyodondokewa na tone la mkojo inang'aa, lakini haifai. Uchafu ni jambo la macho, tohara ni hukumu. Wahindu nao wana maneno mawili: kusafika kwa kawaida, na pavitra, utakatifu wenye uwezo wa kutakasa. Mama Ganga ni pavitra kwa asili yake; huwezi kumtia najisi, yeye ndiye anayeondoa. Ndiyo maana daktari anaweza kujua fika kwamba maji ya Varanasi yana vijidudu, na bado akashuka ngazi alfajiri akajimwagia.

Mfano wa tofauti na tohara yetu upo pia, nisikudanganye. Kwetu maji mengi yakibadilika rangi, harufu au ladha kwa najisi hayafai tena. Kwa Ganga hakuna kikomo hicho, na hapo ndipo hatari ilipo: kama Mama hawezi kuchafuka, nani atakimbilia kumsafisha?

Mtu aliyelibeba swali hili mwilini mwake ni Veer Bhadra Mishra, aliyefariki 2013. Alikuwa kuhani mkuu wa hekalu la Sankat Mochan hapo Varanasi, na papo hapo profesa wa uhandisi wa maji katika chuo kikuu cha mji huo. Alioga mtoni kila asubuhi kama dini yake ilivyomtaka, kisha wataalamu wa taasisi aliyoianzisha mwaka 1982 wakapima vijidudu vya kinyesi kwenye maji yaleyale. Hakuwaambia watu kuwa Ganga ni mchafu. Alijua ukisema hivyo mwumini anafunga masikio. Aliwaambia Mama ametupiwa taka na wanawe. Serikali ilizindua mpango wa kwanza wa kusafisha mto mwaka 1986 na mwingine mkubwa zaidi, Namami Gange, mwaka 2014. Mitambo ya maji taka imejengwa, baadhi ya sehemu zina nafuu, lakini Februari 2025, wakati wa Kumbh, bodi kuu ya India ya kudhibiti uchafuzi iliripoti vijidudu vya kinyesi juu ya kiwango cha kuogea sehemu kadhaa za Prayagraj. Kiwango chao hakitakiwi kuzidi 2,500 kwa kila mililita 100.

Na lile la maji kutooza? Lina asili ya kweli. Mwaka 1896 Mwingereza Ernest Hankin, aliyekuwa akifanya kazi Agra, aliandika kwamba maji ya Ganga na Yamuna yaliua vimelea vya kipindupindu. Baadaye ilijulikana duniani kwamba kuna virusi wadogo wanaokula bakteria, na mito yenye bakteria wengi huwa nao wengi. Huo si ushahidi wa kunywa. Chupa ikikaa miaka bila harufu, sifa kubwa ni ya kifuniko.

Kushuka zaidi, Patna, mto umekuwa mpana kiasi kwamba daraja lililofunguliwa 1982 lina zaidi ya kilomita 5. Mito kutoka Nepal inaingia kwa zamu, ukiwemo Kosi uliohama kitanda chake mara nyingi hata ukaitwa huzuni ya Bihar. Humu bado yumo pomboo wa mtoni, karibu kipofu, anayewinda kwa sauti kwenye tope. Hesabu ya karibuni ilipata zaidi ya 6,000 katika mito ya India.

Kisha Farakka, kilomita chache kabla ya Bangladesh, na hapa ndio mwachano wa mwisho. Maji mengi yanaendelea kusini-mashariki, yanaingia Bangladesh kwa jina la Padma, yanaungana na Brahmaputra na Meghna na kujenga delta kubwa kuliko zote duniani, yenye mikoko ya Sundarbans na chui milia wake. Mkondo mwembamba unachepuka kusini kupita Kolkata kwa jina la Hooghly. Utakatifu umefuata upi? Ule mwembamba. Zamani ndio uliokuwa mkubwa, mto ukahama, imani haikuhama. India ilijenga banio la Farakka la zaidi ya kilomita 2, likaanza kazi 1975, kusukuma maji upande wa Hooghly ili bandari ya Kolkata isifukiwe na mchanga. Bangladesh ikalalamika kukaushiwa kiangazi, mkataba ukatiwa saini Desemba 1996 kwa miaka 30, hivyo mwisho wake ni Desemba 2026.

Ndani ya Kolkata yenyewe, nyuma ya hekalu la Kalighat, kuna mtaro mweusi, ambao kusini zaidi umesimikwa nguzo za reli ya metro katikati. Huo ulikuwa mkondo wa kale, na wanauita bado Adi Ganga, Ganga ya asili. Watu huchota humo maji ya ibada. Mwisho wa yote ni kisiwa cha Sagar, na hekalu la Kapila, yule aliyefumbua macho. Kila katikati ya Januari mahujaji huoga pale ambapo wana 60,000 walipata maji yao.

Chupa ya jirani yako, basi, si jambo geni. Ibn Battuta, huyohuyo aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipokwenda India alikuta Sultani Muhammad bin Tughluq, Mwislamu, akiletewa maji ya Ganga mpaka Daulatabad, safari ya siku 40. Mfalme Akbar naye hakunywa mengine. Mwandishi wake Abul Fazl anasema aliyaita maji ya uzima. Tangu 2016 hata posta ya India inayauza. Mauritius walimimina maji ya Ganga kwenye ziwa lao mwaka 1972, sasa linaitwa Ganga Talao na mahujaji wanaliendea. Na majivu ya Gandhi, ambayo mengine yalimwagwa kwenye makutano yale ya Prayagraj Februari 1948, sehemu yake ililetwa Jinja, Uganda, ikamwagwa pale Nile inapotoka ziwani. Mhindu akioga hata kwa ndoo bafuni anaweza kutaja majina ya mito saba, Ganga akiwa wa kwanza, na maji ya bomba yakawa hiyo mito.

Ile ya kijumbani haiwekwi kwa kunywa kila siku. Hunyunyizwa nyumba mpya, hutiwa kwenye ibada, na siku mtu wa nyumba hiyo anapokata roho hudondoshewa tone mdomoni na jani la mrehani wao, tulsi. Mkewe akikupa tone kwa mapenzi na dini yako hairuhusu, weka mkono kifuani, mshukuru, umwambie kwa upole; wanajua, wamekaa na Waislamu miaka yote. Ila usiguse chupa bila kuambiwa, wala usiiweke sakafuni.

Na ukitaka kumfurahisha, muulize alichota wapi. Akisema Gangotri, muulize kama alitembea mpaka Gaumukh, halafu tafuta kiti maana hutatoka mapema. Akisema Har Ki Pauri, habari ya mfereji ibaki baina yetu.